Mdomo wa Fundi

Kila asubuhi Pindo aliamka akakuta mama yake ameshaondoka. Mama alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na watu wa tanuri huamka mapema ili wengine wakiamka wakute mkate. Mezani aliacha chupa ya chai, mkate uliofunikwa kitambaa safi, na kichupa cha vidonge vya babu. Kichupa hicho alikiweka ubavuni mwa kikombe cha babu, mahali ambapo jicho lisingekikosa.

Kumpa babu kidonge ilikuwa kazi ya Pindo. Alimmiminia chai, akampulizia kidogo ipoe, kisha akaweka kidonge kwenye kiganja chake. Babu alikirusha mdomoni, akanywa funda moja, akatoa ulimi kuonyesha kwamba kimeshuka.

"Haya, mwalimu, nimefaulu?"

"Umefaulu, babu."

"Basi nenda shule ukafaulu na wewe. Na usiniaibishe, sare hiyo nimeishona mimi."

Jina lake la darasani lilikuwa jingine. Pindo ni jina la nyumbani, ingawa hata wenzake shuleni walilitumia; alipewa kwa sababu alipokuwa anajifunza kutembea alishika pindo la shati la babu, na babu alikwenda naye hivyo hivyo chumbani mwote, pole pole, shati limemvutika upande mmoja, wala hakulichomoa.

Babu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilitazama barabara, na humo alishona mashati, magauni na sare za shule. Alikuwa na tabia ya mafundi wengi: alipokuwa anapima nguo mwilini mwa mtu, pini zote alizibana kwa midomo. Alizitoa moja moja, akazisogeza kwa ncha ya ulimi, na bado aliweza kuzungumza na mteja bila kuangusha hata moja.

Zamani, kabla Pindo hajazaliwa, babu aliwahi kuugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti za watu wasiokuwapo, akaamini kwamba majirani wanamfanyia njama. Hospitalini alipewa vidonge. Sauti zikanyamaza, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu wakati huo hakuviacha. Nyumbani kwao jambo hilo halikuwa siri wala aibu. Lilikuwa kama miwani ya mtu asiyeona vizuri.

Lakini miezi ya karibuni mdomo wa babu ulianza kucheza. Ulitafuna wakati hakuna chakula. Midomo ilijikunja na kujikunjua, ulimi ulichungulia nje na kurudi, na vidole vya mkono wa kulia vilitembea juu ya goti kama vinapiga kinanda. Alipolala, vyote vilitulia. Alipoamka, vilianza tena.

"Pini hizo," mama alisema. "Miaka yote kabana pini. Mdomo umezoea kuzisogeza, sasa unazisogeza hata zisipokuwapo."

Babu mwenyewe alicheka. "Mdomo huu hautaki kustaafu."

Basi wakaliita jambo hilo mdomo wa fundi, wakalizoea. Pindo naye angelizoea, kama si msichana mmoja wa darasani kwake ambaye kila mtu alimwita Redio kwa kuwa hakuna habari iliyolala kwake. Siku moja Redio alikuja kuchukua sketi yake, akamwangalia babu kwa muda mrefu. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alisimama katikati ya uwanja akaanza kutafuna midomo na kutoa ulimi.

"Pindo! Babu yako anakula nini siku nzima? Mbona hamalizi?"

"Anatafuna hewa!" mwingine akadakia.

"Mpelekeeni chumvi basi!"

Walicheka wote. Pindo alijikaza kisabuni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu mpaka kengele ilipolia. Alipofika nyumbani alimkuta babu ametulia kwenye cherehani, amemwekea kipande cha mkate chenye siagi pembeni, upande usio na vumbi la chaki. Pindo alikula huku akitazama ule mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona haya kukaa karibu na babu, na haya hiyo ilimuuma kuliko kicheko cha wenzake.

Mbele ya chumba cha babu, kwenye kivuli cha ukuta, alikaa mama mmoja aliyeuza mayai. Alikuwa mtu mwema. Babu akisahau kula, yeye ndiye aliyemgongea dirisha. Jioni ile alimwona Pindo ameketi kizingitini, shavu mkononi, akamwita.

"Njoo hapa, mwanangu. Nani kakuudhi?"

Pindo akamweleza.

Muuza mayai alitikisa kichwa. "Waache, watoto hao. Ila mimi nitakwambia kitu. Hizo si pini. Ni zile dawa. Shangazi yangu alikuwa anameza dawa kama hizo, mdomo ukawa hivyo hivyo, unatafuna, unatafuna. Dawa zenyewe ndizo zinazofanya."

"Kweli?"

"Nikudanganye nipate nini?"

Hakusema neno lingine, kwa kuwa mteja alikuja akitaka mayai yasiyo na ufa. Lakini maneno yale Pindo aliondoka nayo. Aliyageuza kichwani wakati wa kula, wakati wa kuosha vyombo, na alipolala. Kama dawa ndizo zinazofanya, basi bila dawa mdomo utatulia. Na mtu anayempa babu dawa ni nani? Ni yeye, kwa mkono wake.

Asubuhi alimimina chai kama kawaida. Kidonge alikitoa kwenye kichupa, akakitia mfukoni. Babu alikuja akakaa, akanywa chai yake, akala mkate, kisha akasita.

"Pindo, nimemeza dawa mimi?"

Babu alikuwa mzee sasa, na mambo madogo ya asubuhi yalimponyoka. Pindo alijua hivyo.

"Umemeza, babu. Ulimeza na chai."

"Ah, vizuri. Wewe ndiye kichwa changu."

Akaenda kwenye cherehani. Pindo akaenda chooni, akakitupa kidonge. Hakukiacha kwenye kichupa kwa sababu mama alikuwa na kawaida ya kukitazama kichupa kila siku kuona kama vidonge vinapungua. Jioni mama alipouliza, "Babu kameza?" Pindo alijibu, "Kameza." Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata.

Kila akirudi shule, kitu cha kwanza alikuwa anatazama mdomo. Alitegemea kuuona umepumzika. Badala yake, ulizidi. Ulimi uliokuwa ukichungulia sasa ulitoka wazi. Taya lilienda huku na huko, na babu alijing'ata shavu akawa anakula kwa upande mmoja. Labda dawa bado haijaisha mwilini, Pindo alijiambia. Ngoja kidogo.

Kisha kukaingia jambo jingine. Babu aliacha kutania. Alikaa akisikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikia wenye nyumba ya pili wakigombana. Usiku mama alimsikia akitembea chumbani. Pindo aliporudi siku moja alimkuta sakafuni, amezungukwa na sare za shule alizokwisha kuzimaliza, anafumua mapindo yote kwa wembe.

"Babu! Mbona unazifumua? Wenyewe wanakuja kuzichukua!"

"Shh. Ongea pole pole." Macho yake yalikwenda mlangoni. "Kuna kitu wameshonea humu ndani. Nimewasikia wakisema."

"Nani, babu?"

"Unawajua. Usijifanye huwajui."

Hakuwahi kumtazama Pindo kwa macho yale. Yalikuwa macho ya mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Pindo alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alijua wakati huo huo alichokifanya. Alijua pia kwamba akisema, mama atajua kuwa kila jioni alidanganywa usoni. Jioni mama alipouliza, akajibu tena, "Kameza."

Asubuhi iliyofuata alichukua vidonge viwili badala ya kimoja. Alitaka kulipia vile vilivyopotea. Lakini akaogopa, akarudisha kimoja. Kilichobaki alikiweka kwenye kiganja cha babu.

Babu alikigeuza, akakinusa. "Hata wewe wamekutuma?" akauliza kwa sauti ndogo, akakiweka mezani, akakisukuma mbali kwa kidole.

Jumamosi mama alikuwa kazini. Pindo alikuwa uani anafua aliposikia mlango wa chumba cha cherehani ukifungwa, kisha komeo likilia. Mwanzoni hakujali. Halafu akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nguo inayoungua.

Alikimbia. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka chini ya mlango.

"Babu! Fungua!"

"Nendeni zenu!" babu alipaza sauti kutoka ndani. "Hamtaingia humu!"

Muuza mayai aliinuka akaja mbio, akagonga dirisha, nalo lilikuwa limefungwa. "Mungu wangu! Pasi! Ile pasi yake ya mkaa! Pindo, ongea naye, usiache kuongea naye. Mimi nakwenda tanurini kumwita mama yako." Akaacha mayai yake yote barabarani bila mtu wa kuyaangalia, akatimka, kiatu kimoja kikamtoka njiani wala hakurudi kukiokota.

Pindo alibaki peke yake mlangoni. Alitaka kupiga mlango kwa ngumi, lakini alijua kelele zingemwogopesha babu zaidi. Alikaa chini, akaweka mdomo karibu na ufa.

"Babu, ni mimi. Niko peke yangu."

Moshi ulizidi kidogo.

Angemwambia nini? Kumwambia hakuna watu kusingesaidia, kwa sababu yeye alikuwa anawasikia. Akafikiri babu ni mtu gani hata anapoumwa, akapata la kusema.

"Fundi," alisema. Hakumwita babu. "Fundi, pasi iko juu ya kitambaa. Kitambaa cha mteja kinaungua."

"Nini?"

"Kinaungua, Fundi. Wewe hujawahi kuunguza nguo ya mtu."

Ndani kulikuwa na kishindo cha kiti. Kisha chuma kikagonga chuma, sauti ya pasi inapowekwa kwenye kipande chake cha bati. Maji yakamwagwa, yakalia tssss. Baada ya muda ambao Pindo aliuona kama mwaka, komeo likatoka. Babu alisimama katikati ya moshi, ameshika sare iliyokuwa na alama nyeusi ya pasi kifuani. Taya lake lilikwenda huku na huko bila kupumzika, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Hata yeye hakujua kama ni ya moshi au ya ile nguo.

"Nimeiunguza," alisema. "Pindo, nimeiunguza nguo ya mtu."

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta, ana unga wa ngano hadi kwenye nyusi.

Jumatatu walikwenda kliniki ya afya ya akili. Babu alikubali kwenda kwa sababu Pindo alimwomba, ingawa njia nzima alitembea akigeuka nyuma. Kabla ya kuingia, mama alifanya jambo alilolifanya kila safari ya kliniki tangu mdomo uanze kucheza. Alifungua pochi akatoa pipi ya mnanaa, akaimenya, akampa babu.

"Weka shavuni, baba. Mdomo utulie mbele za watu."

Ilikuwa huruma ya mama. Babu akiwa na pipi mdomoni, kutafuna kwake kulionekana kama kwa mtu yeyote anayekula pipi, na hakuna aliyemkodolea macho. Ndiyo maana kila walipofika pale, daktari alimwona mzee msafi, mpole, aliyetafuna pipi yake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimsalimia babu kwanza, kwa heshima, kabla ya kumsemesha mtu mwingine. Mama alieleza yote: kutolala, kufumua nguo, wanaomsema, mlango, pasi.

"Pole sana, mzee wangu. Poleni nyote." Daktari alimgeukia mama. "Na dawa anameza?"

"Kila siku, daktari. Huyu binti ndiye anayempa." Mama alimwekea Pindo mkono begani. "Ana miaka kumi na miwili tu, lakini hajakosa hata asubuhi moja. Mimi nikiwa tanurini, roho yangu imetulia kwa sababu yake."

Mkono ule ulikuwa mwepesi, lakini Pindo aliuhisi kama gunia.

"Hongera, binti," daktari akasema. "Ni kweli? Kila siku?"

"Ndiyo," Pindo akasema.

Daktari alifikiri. Alivua miwani, akaivaa tena. "Hapo pananipa mawazo. Kama anameza kila siku, na ugonjwa umerudi kwa nguvu hivi, basi kipimo anachopata hakimtoshi tena. Itabidi niongeze. Nitakiongeza mara mbili, tumwone baada ya muda."

Akachukua kalamu.

Pindo alimtazama babu. Alikuwa amekaa pembeni ya kiti kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi ya wengine. Vidole vyake vilicheza juu ya goti. Pipi iligonga meno, koh, koh. Hakujua kinachoendelea. Alikuwa amepumbazika kusikiliza sauti zake. Asubuhi ya kesho mkono wa Pindo ungempa vidonge viwili, na daktari angedhani anatibu kitu kimoja, kumbe anatibu kingine. Na mtu pekee aliyejua, katika chumba kile chote, alikuwa yeye.

Kalamu iligusa karatasi.

"Hajameza," Pindo alisema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Mama aliinama. "Unasemaje?"

"Babu hajameza dawa. Nilikuwa navitupa vidonge chooni. Siku nyingi." Alianza kulia, lakini hakuacha kusema, kwa kuwa alijua akiacha hataweza tena. "Nilisikia kwamba dawa ndizo zinazomfanya atafune hewa. Wanamcheka shuleni. Nikafikiri akiziacha mdomo utapona. Haukupona, umezidi. Na sasa anaumwa, na ni mimi. Usimwongezee, daktari. Tafadhali."

Mama aliondoa mkono begani. Aliuweka mdomoni mwake mwenyewe. "Pindo! Kila jioni nakuuliza! Unaniangalia machoni, unaniambia kameza!"

"Mama, subiri kidogo." Daktari aliweka kalamu chini. Hakukunja uso. Alivuta kiti chake akakaa mbele ya Pindo, magoti kwa magoti. "Umesema atafune hewa. Atafune vipi? Mimi sijawahi kumwona akitafuna ila pipi."

Pindo alimtazama mama. Mama akatazama pochi yake.

Aliyejibu alikuwa babu. Labda kilio cha mjukuu kilipita katikati ya zile sauti kikamfikia. Alitoa leso mfukoni, akaitema pipi ndani yake, akaikunja leso vizuri pembe kwa pembe. Kisha akainua kichwa, akauacha mdomo wake ufanye unachotaka mbele ya daktari. Midomo ilijikunja ikajikunjua. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali kutazamwa na mtu wa nje, na alikaa wima kabisa.

Daktari alitazama kwa makini. Alimwomba afungue mdomo, atoe ulimi, agonganishe vidole vyake kimoja kimoja na kidole gumba, asimame, atembee hadi mlangoni na kurudi.

"Imeanza lini hii?"

"Ina miezi sasa," mama alisema kwa sauti ya chini. "Tulijua ni pini. Fundi huyu, amebana pini mdomoni maisha yake yote. Tukasema ni mazoea."

"Mngeniambia."

"Nilimwonea haya, daktari. Ni baba yangu."

Daktari aliitikia kwa kichwa, pole pole. "Sikilizeni. Wewe pia, mzee, ukiweza. Aliyemwambia binti kwamba ni dawa hakukosea. Dawa hii imekusaidia miaka mingi. Lakini ikitumika muda mrefu, hasa kwa mtu mzima sana kama wewe, inaweza kuufanya mdomo, ulimi na vidole vicheze vyenyewe. Si tabia, si uchafu, na mtu hafanyi makusudi. Ila kuna nusu nyingine ambayo binti hakuambiwa. Dawa hii haikatwi ghafla. Ukiikata ghafla ugonjwa unarudi, kama ulivyorudi, na huo mdomo unaweza hata kucheza zaidi."

"Kwa hiyo ni mimi," Pindo alisema.

"Ulifanya kosa kubwa, sitakuficha. Babu yako angeweza kuungua. Na mimi sasa hivi nilikuwa nakaribia kufanya jingine. Ningempa mara mbili ya dawa ile ile inayomsumbua. Umenizuia. Ilikuwa vigumu kusema?"

Pindo aliitikia bila kuinua uso.

"Nimeona. Nitambadilishia dawa, tuanze na kidogo, tupande pole pole. Nataka nimwone kila baada ya muda mfupi. Siahidi kwamba mdomo utatulia wote. Unaweza kupungua, na unaweza kuchukua miezi. Lakini kuanzia leo, mkija hapa, hakuna pipi."

Njiani kurudi, mama alitembea mbele yao mpaka walipofika kona ya nyumbani. Hapo alisimama, akampangusa Pindo uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Nimekasirika," alisema. "Bado nimekasirika, na kesho nitakuwa nimekasirika. Lakini kazi ya dawa ni yako bado. Sitampa mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Wiki za mwanzo hazikuwa rahisi. Mama aliomba zamu ya mchana ili asubuhi awepo, na mbele yake babu akakubali dawa mpya mkononi mwa Pindo. Muuza mayai alihamishia kiti chake karibu zaidi na dirisha, akawa anamsomea babu habari kutoka kwenye magazeti aliyofungia mayai, hata kama habari zenyewe zilikuwa za mwaka jana. Pole pole babu alianza kulala. Pole pole aliacha kugeuka nyuma. Siku moja alichukua zile sare alizozifumua, akaanza kuzipinda upya, moja baada ya nyingine, na ile iliyoungua akaikatia kifua kipya bila mtu kumwambia.

Mdomo ulichukua muda mrefu zaidi. Ulipungua, ukazidi, ukapungua tena. Mwishowe ulimi ulibaki ndani siku nyingi, ingawa taya lilijisogeza kidogo alipochoka. Redio alikuja tena kupima sketi, akamkodolea macho. Babu aliweka tepu ya kupimia shingoni, akamwambia kwa upole, "Unatazama mdomo wangu, binti? Ni dawa iliyoufanya hivyo. Inaitwa madhara ya dawa. Ukimwona mwingine yuko hivi, mwambie aende akamweleze daktari." Redio aliona haya, akasema, "Samahani, babu." Na kwa kuwa alikuwa Redio, hadi kesho yake mchana shule nzima ilikuwa imejua madhara ya dawa ni nini.

Jioni moja babu alimwita Pindo akae naye kizingitini.

"Nimekuwa nafikiri," alisema. "Wewe ulificha vidonge kwa kuwa unanipenda. Mama yako alificha mdomo wangu kwa pipi kwa kuwa ananipenda. Na mimi niliikubali ile pipi kwa kuwa nilijipenda, nilitaka kuonekana mzima. Watu watatu, sote wema, na katikati yetu nilikuwa nakaribia kufa kwa moto. Unaona?"

"Naona, babu."

"Basi shika hili. Dawa ya mtu usiiache, usiipunguze, wala usiiongeze kwa akili yako. Na ukiona mwili wa mtu unafanya kitu kigeni, usikicheke na usikifunike. Kiseme, kwa mtu anayeweza kusaidia. Na ukiwa umekosea, kiseme hicho kwanza kabisa, hata kama sauti inatoka ndogo. Siku ile yako ilitoka ndogo mno. Mimi niliisikia."

Pindo aliegemeza kichwa begani kwake, na hakuona haya ya kukaa pale mbele ya barabara yote.

Haukupita muda mrefu, mama akarudi kwenye zamu yake ya alfajiri. Siku ya kwanza alipiga simu kutoka tanurini, na nyuma yake zilisikika sinia zikigongana.

"Babu kameza?"

Pindo alitazama mezani. Kidonge kilikuwa pale, kando ya kikombe.

"Hajameza, mama. Anasema tumbo linamchafuka. Nimemwambia tungoje kidogo, na sijakirudisha kwenye kichupa ili ukione. Nimpigie muuguzi wa kliniki?"

Upande wa pili sinia ziligongana tena.

"Mpigie, mwanangu," alisema. "Mpigie sasa hivi. Na uniambie anavyosema, neno kwa neno."